Wakilifi Wasiokaa Kilifi

Shajara ya ukoo ilinifikia kwa simu, usiku, nishazima taa. Mtoto wa ndugu yangu, ambaye siku hizi anakaa Leicester, Uingereza, alikuwa ameichora mwenyewe kwa kompyuta: majina manane yamepangwa kama vidato vya ngazi, lake yeye chini kabisa, na juu kabisa jina la mtu ambaye pembeni yake ameandika, "Alitoka Mnarani, Kilifi, Wagala walipouvunja mji." Akaniuliza, "Ami, iko sawa? Nataka niichapishe kwa wino wa dhahabu niitundike ukumbini."

Kilichomtia hamu hiyo ni Mwingereza anayefanya naye kazi, ambaye husema kwamba babu yao aliingia nchi ile pamoja na jeshi la mvamizi William mwaka 1066. Karatasi yake ya nasaba imetiwa fremu. Kijana wetu akaona na yeye ana kwao.

Mimi nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka 31, na mingi katika hiyo niliandika kesi za mirathi mbele ya kadhi. Mtu wa kazi hiyo hasemi "iko sawa" kwa kuwa karatasi inapendeza. Nimewaona ndugu wa baba mmoja wakiapa kwa majina tofauti ya babu yao, na hakuna aliyekuwa mwongo kati yao. Nimeona ami wa marehemu akigeuzwa baba wa marehemu kwa sababu ndiye aliyemlea, na watoto hawakujua tofauti mpaka siku ya kugawana. Nimeona pia kwamba shamba likiwa na minazi mingi, watu hukumbuka mengi. Nikamjibu kijana, "Mwanangu, nipe muda." Muda wenyewe ukawa miaka miwili.

Naishi Mnarani, upande wa kusini wa hori ya Kilifi. Kutoka barazani kwangu hadi kwenye magofu ni mwendo wa kutafuna tambuu moja. Lakini mimi si mzaliwa wa hapa. Nilihamishiwa huku mwaka 1983, tukiwa bado twavuka kwa feri. Daraja lilikuja kufunguliwa 1991. Kwetu hasa ni Mombasa, Mji wa Kale, na huko sisi ni Wakilifi.

Msomaji wa bara atashangaa, basi nimweleze. Waswahili wa Mombasa ni Miji Kumi na Miwili, au Thenashara Taifa kama wazee wasemavyo. Thelatha Taifa ni Wachangamwe, Wakilindini na Watangana. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Wapate, Wafaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa. Yatazame majina hayo uone ni ya wapi: Mtwapa, Kilifi, Pate, Faza. Ni watu waliohama miji yao wakaingia Mombasa na jina la mji wakalibeba, kama mtu anayekimbia moto na kuokoa sufuria. Mwaka 1968 F. J. Berg aliandika makala ndefu juu ya jumuiya hii, na ndiyo ninayompa kila anayeniuliza, ingawa mwenyewe nilimwelewa mara ya tatu ya kumsoma.

Kwa hiyo Wakilifi wako Mombasa. Hapa Kilifi, ukiuliza Mkilifi ni nani utaambiwa ni mkaazi wa kaunti. Jirani yangu, mzee wa Kikauma, hunitania kila Idi akija kula pilau: "Nyinyi mlikimbia, sisi tuko. Kisha warudi na barua ya uhamisho ya serikali, wasema umerudi kwenu!"

Nilianzia magofuni, kwa kuwa ni karibu na kwa kuwa kijana aliyataja. Nilikwenda asubuhi na mapema, kabla ya wanafunzi wa matembezi, nikachukua tikiti, nikapanda ngazi polepole kwa ajili ya magoti. Msikiti mkubwa umebaki kuta na mihrabu. Mihrabu yake na kingo zake zimechongwa maandishi ya Kiarabu kwenye matumbawe, ya aina ile ambayo fundi huyatoa baharini na kuyachonga yakiwa mabichi, kwani yakishakauka hayakubali tena patasi nyembamba. Herufi ni ndefu, zimesimama kama watu waliopanga safu, na mashina yake yamefungamana. Nilisogeza kioo cha kusomea mpaka pua ikagusa ukuta. Kiarabu cha hati za mahakama nakisoma bila taabu, lakini pale nilitambua neno hapa na neno pale, jumla nisiipate. Wataalamu nao wamehangaika na ukuta ule, kwa hiyo sikuona haya. G. S. P. Freeman-Grenville na B. G. Martin walitoa orodha ya maandishi ya Kiarabu ya pwani yetu mwaka 1973, na mtu anayetafuta nasaba hana budi kuipitia. Lakini nilivyofahamu mimi, anayechonga mihrabu humtaja Mola, hataji ukoo wa kina fulani.

Kaskazini ya msikiti kuna makaburi, na moja lina mnara, ambao wenyeji husema ndio uliopapa mahali jina. Nimeuzunguka mnara huo mara nyingi kuliko mlinzi. Jina la mtu wa juu wa shajara yetu sikulikuta. Nikaketi chini ya mbuyu, nikamwonea wivu yeyote mwenye jamaa Gede, maana Gede kuna kaburi moja lililoandikwa tarehe yake: 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Tarehe moja tu, lakini jengo lolote linaloliegemea kaburi lile hupata umri.

Aliyechimba Gede, kuanzia 1948, ni James Kirkman, na ndiye aliyechimba Mnarani pia. Ripoti yake ya misikiti na makaburi yetu ilitoka 1959. Yeye hakutafuta majina, alihesabu vigae. Bakuli la Kichina lililovunjika linajulikana lilitengenezwa enzi gani, na tabaka la mchanga ambalo vigae vya enzi fulani vinakoma ndilo tabaka ambalo watu walikoma kula pale. Kwa hesabu hiyo mji huu ulikaliwa tangu mwisho wa karne ya 14 hadi mwanzo wa karne ya 17. Wagala, ambao leo twawaita Waoromo, walishambulia, na maji ya kisima nayo yakawa shida. Kwa hiyo lile neno la kijana, "walipouvunja mji", lina mashiko.

"Mnarani", hata hivyo, sikulipata popote. Kilifi ya zamani haikuwa mji mmoja. Ilikuwa Mnarani, na Kitoka ambayo magofu yake yako kwenye hori ya Takaungu, na Kioni. Kwetu Mombasa nimesikia tangu utotoni "tulitoka Kilifi"; sikuwahi kusikia "tulitoka Mnarani" mpaka mahali pawe na kibao na kibanda cha tikiti. Nilimpigia kijana nikamuuliza, "Mnarani ulikutoa wapi?" Akanyamaza kidogo. "Ami, nilidhani ndiyo Kilifi yenyewe. Si ndiko unakokaa wewe?" Yaani shahidi wake wa Mnarani nilikuwa mimi, na mimi nililetwa na barua ya uhamisho.

Kisha nikahesabu. Ibn Khaldun, katika Mukadima yake ya mwaka 1377, ametoa kipimo ambacho kila mwandika shajara angekibandika ukutani: kila miaka mia moja, weka mababu watatu. Ukijua miaka na ukiwa na majina, utajua kama kuna waliorukwa. Kijana alizaliwa 1985. Panda majina saba juu yake kwa kipimo hicho, unafika kiasi cha 1750. Mwaka huo Fort Jesus ilikuwa imeshaporwa kutoka kwa Wareno zaidi ya miaka hamsini, Mazrui wanatawala Mombasa, na Mnarani ni msitu wenye nyani kwa zaidi ya karne moja. Mtu wa juu wa shajara yetu hakukimbia Wagala. Pengine hata babu yake hakuwakimbia. Kutoka mwanzo wa karne ya 17 hadi leo panatakiwa majina kumi na mawili au kumi na matatu. Sisi tuna manane.

Nilimsomea hesabu hii jirani yangu Mkauma, akacheka. Kwao, na kwa Wagiriama pia, mjukuu hupewa jina la babu, kwa hiyo majina mawili hupokezana kwenda juu kama watu wawili wanaobebana. Msimuliaji akichoka huruka jozi nzima na hakuna anayegundua. Na sisi ndivyo: Ali bin Omar bin Ali bin Omar. Mnukuzi akipepesa jicho, miaka sitini imekwenda.

Mzee huyo ana jambo moja ambalo sisi hatuna. Wamijikenda, ambao Wakauma ni miongoni mwao, walikuwa wakisimamisha vigango, miti ya ukumbusho iliyochongwa kwa ajili ya wanaume wa chama cha gohu, na kigango hakihamishwi. Mahali kilipo ndipo penye ushahidi. Ndiyo maana vigango vilipoibwa na kuuzwa ng'ambo, vikaishia katika majumba ya makumbusho ya Marekani, hasara haikuwa ya mti tu. Baadhi vimerudishwa. Kigango kilichong'olewa bila kuandikwa kilitoka kwa nani, hata kikirudi hakijui mlango wa kugonga.

Kijana alikuwa na hoja nyingine: tarehe za zamani, zile habari za miji zilizoandikwa na wenyewe. Nilimwambia azisome, asizishike kama msahafu. Tarehe ya Pate huanza na watawala wake Wanabahani mwaka 600 Hijria, yaani 1204. Mwanaakiolojia Neville Chittick aliipima mwaka 1969 akaona haiwezekani, magofu hayakubali. Kilwa tuna habari zake kwa Kiarabu, nakala ambayo John Kirk aliipeleka British Museum, na tuna alizoandika Mreno João de Barros mwaka 1552, na orodha zao za masultani hazilingani. Habari ya Mombasa ilichapishwa na nahodha Owen mwaka 1833. Ni vitabu vya kuheshimiwa, ila vinahusu watawala, navyo viliandikwa mtawala akiwa hai na anasikiliza. Wareno nao waliandika wafalme na bei ya pembe. Mtu wa kawaida wa Kilifi aliyeingia Mombasa na mkewe na mkeka hakuandikwa na yeyote.

Ya kwetu niliyapata kwa shangazi, Mji wa Kale. Ana zaidi ya miaka tisini, haoni vizuri, lakini husikia mpaka unachotaka kuficha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kuniona au umekuja kwa kasha?"

Kasha ni la mvule, lina misumari ya shaba, na ndani yake kulikuwa na kanzu ya marehemu mumewe, ubani, na bahasha iliyofungwa kwa uzi wa kushonea. Humo mlikuwa na msahafu na karatasi mbili. Ukurasa wa mwanzo wa msahafu una majina ya waliozaliwa na tarehe za Hijria, kwa mikono mitatu tofauti na wino wa aina tatu; mwandishi wa kwanza alikuwa na tabia ya kuvuta mkia wa nun mpaka ukingoni. Karatasi ya kwanza ni ya mahari. Ya pili ni hati ya wakfu wa nyumba, imetoboka kwenye mikunjo, tarehe yake mwaka 1290 Hijria, sawa na 1873. Kwenye hati hiyo mtu wa tano na mtu wa sita wa shajara ya kijana wametajwa pamoja, kila mmoja na jina la baba, na baba ni mmoja. Hawakuwa baba na mwana. Walikuwa ndugu.

Nilimsomea shangazi kwa sauti. Akasema, "Alaa! Ndiyo maana mamangu alikuwa akimwita babu mkubwa." Miaka yote jibu lilikuwa mdomoni mwake, hakuna aliyemuuliza.

Basi ngazi ikapoteza kidato kimoja, na pengo la hadi Wagala likazidi kupanuka. Kwa upande mwingine, hati hiyo hiyo ilimpa shahidi wa maandishi mtu wa saba, ambaye hapo kabla alikuwa jina la kusimuliwa tu. Nayo imemwandika kwa nisba ya Kilifi. Nisba hii nayo si ya kuchukuliwa kwa pupa. Inasema mtu alihesabiwa katika taifa gani siku ile, na taifa za Mombasa zilipokea watu: wakwe, wageni, hata watumwa walioachwa huru wakachukua jina la nyumba. Utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani hii mwaka 1907, wengi walikuwa na jina la kwao moyoni na jina la bwana kwenye karatasi. Kuna shajara nyingi ndefu zilizoanzia kwenye karatasi hiyo, na wenye nazo hawajui.

Shahidi wa mwisho alikuwa ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye mashamba ya ukanda wa pwani wajitokeze kudai. Asiyedai, ardhi yake ikaandikwa ya serikali. Ilikuwa sheria iliyowaumiza wengi, na malalamiko yake yangalipo hadi leo. Lakini ili kudai, mtu alisimama akasema yeye ni nani, mwana wa nani, na shamba alilipata vipi. Hapo ndipo watu ambao hakuna mwandishi wa tarehe aliyewajali wakaandikwa. Nilipata nakala ya dai la babu yangu la shamba la minazi Kisauni baada ya miezi saba ya "njoo kesho" katika ofisi moja ambayo sina haja ya kuitaja. Jina la baba yake ndilo hilo lililo kwenye wakfu. Karatasi mbili zisizojuana, zimeandikwa na watu wasiojuana, kwa shida mbili tofauti, na zasema neno moja. Karani haombi zaidi.

Baadaye nilisoma kwamba Waingereza wa kale walikuwa na kitu kama hicho. Tangu karne ya 13, mwenye ardhi ya mfalme akifa, watu wa mtaa wake waliitwa wakaapa: alikuwa na ardhi gani, mrithi wake nani, ana umri gani. Wao walikiita uchunguzi baada ya kifo, sisi tungekiita mirathi. Nasaba za Kiingereza zinazoaminika zimeshikwa na karatasi hizo, wala si na zile orodha za mashujaa wa 1066 zilizoongezewa majina na kila tajiri mpya. Waliothibitika kwa yakini kuwa vitani pamoja na William ni kama ishirini tu. Mwanahistoria Horace Round alitumia umri wake kuzirarua shajara za kubuni za mabwana wa kwao, akachukiwa ipasavyo. Nilimwandikia kijana amuulize mwenzake shahidi wake ni nani. Hakuniambia kama alimuuliza.

Badala yake akasema atatema mate kwenye kichupa apimwe damu. Nikamwambia afanye, pesa ni zake. Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa Chapurukha Kusimba, David Reich, Esther Brielle na wenzao, waliopima mabaki ya watu 80, wa miji ya pwani na wa mji mmoja wa bara, wa kati ya mwaka 1250 na 1800, Mtwapa ikiwamo, jirani zetu katika Tisa Taifa. Walikuta kwamba wengi wa wale wa pwani walichukua zaidi ya nusu ya asili yao Afrika, na hasa kwa akina mama. Upande wa Asia ulitoka hasa kwa wanaume, wengi wao wa Uajemi, na mchanganyiko ulianza kiasi cha mwaka 1000. Damu haitaji jina la mtu wa saba. Lakini ilinirudisha kwenye shajara ya kijana nikaona kitu ambacho nilikipita mara mia: majina manane, yote ya wanaume. Nusu ya ukoo, tena nusu iliyokuwa hapa kabla ya jahazi lolote kutia nanga, haimo. Karatasi ya mahari ya kasha la shangazi ina majina matatu ya wanawake na ya baba zao. Hakuna aliyewahi kuyanukuu.

Nimemrudishia kijana shajara yake. Ina majina sita ya wanaume, kila moja na shahidi wake limeandikwa pembeni: kumbukumbu ya waliopo, msahafu, dai la ardhi, wakfu. Ina majina matatu ya wanawake. Yule ndugu aliyefanywa baba amewekwa mahali pake pembeni. Juu ya mtu wa mwisho nimeacha nafasi tupu ya vidole vinne, na juu ya nafasi hiyo nimeandika "Wakilifi, watu wa Mnarani, Kitoka na Kioni", kwa sababu hilo ni neno la taifa zima, si la ukoo wetu. Yule mtu wa juu kabisa wa shajara ya kwanza nimemtoa. Hakuwa na shahidi hata mmoja. Kijana alinuna wiki mbili. Kisha akaichapisha kwa wino mweusi, akanitumia picha, iko ukumbini juu ya televisheni.

Ile nafasi tupu bado naitafutia watu. Ewe msomaji mwenye jamaa Kibokoni, Kuze, Takaungu au Malindi, kama nyumbani kwenu kuna kasha la bibi aliyefariki, msichome karatasi zake wala msifunge maandazi kwa kurasa zake. Fungueni msahafu ukurasa wa mwanzo na wa mwisho, mpige picha, na mumuulize mzee aliyebaki kabla ya kumuuliza mtu mwingine yeyote.